Jina Alilolitaja Jukwaani

Seleyian alijua vizuri kwamba jambo hilo halifanywi. Kwao Kajiado, mtu akifariki jina lake huzikwa naye, halitamkwi tena nyumbani, na mama yake mzazi hunyolewa nywele. Na kumtaja aliye hai kana kwamba amekufa ni kumwitia mabaya. Lakini Mwalimu Nzomo, aliyewafundisha utangulizi wa maigizo pale chuoni Kitengela, hakuwa mtu wa kwao.

"Unalia vizuri, lakini unalilia hewa," alimwambia mbele ya darasa, Seleyian alipomaliza zoezi la kuigiza mfiwa. "Huyo marehemu wako hana jina. Mpe jina la mtu wako wa karibu, uone kama hatutalia na wewe."

"Na mimi hulia hata kuku akichinjwa," Wayua, mwanafunzi mwenzake, akadakia, "lakini leo wapi!" Darasa likaangua kicheko.

Mtihani ulikuwa Alhamisi. Seleyian alihangaika siku mbili, kisha akaona mwanya. Muhula huo alikuwa anasoma pia Kihispania cha kiwango cha kati, na Mwalimu Nzomo aliwaruhusu kuigiza kwa lugha yoyote. Kwao nani angeelewa? Maneno hayo yangepita juu ya boma lao kama ndege ya abiria, isiyo na haja ya kutua.

Alhamisi asubuhi alifanya mazoezi huku akiosha vikombe. "Leshan ha muerto," alirudia polepole. Leshan amekufa.

"Nimesikia jina langu."

Kaka yake alikuwa amesimama mlangoni, akifunga kamba za viatu vya kazi. Walikuwa wamepanga chumba kimoja. Yeye alikata mawe machimboni.

"Unasema nini juu yangu, Mhispania?"

Seleyian aliinamia vikombe. "Nasema... nasema wewe ni mrefu."

"Hiyo ni ukweli kabisa!" Leshan akacheka, akayarudia maneno yale mpaka yakamkaa mdomoni. Alipopanda boda boda alikuwa bado anajipiga kifua. "Leshan ha muerto!" Mwenye pikipiki, aliyependa mzaha, akaitikia kwa sauti kubwa. Wakateremka na barabara hivyo, mmoja akianza na mwenzake akipokea, kama watu wanaoenda harusini.

Seleyian alitoka mbio amwambie anyamaze. Alikuta vumbi.

Zamu yake ilifika saa kumi kasoro dakika chache. Hakujua alisimamaje pale mbele. Alipolitaja jina, sauti yake ilivunjika yenyewe, machozi yakaja bila kuitwa. Hakuna aliyecheka. Saa kumi, kama kila siku, baruti ililipuka machimboni na vioo vya madirisha vikatetemeka.

Kisha ikalipuka tena. Siku zote huwa mara moja tu.

"Endelea," Mwalimu Nzomo alinong'ona, macho yamemlowa.

Hakuendelea. Alitoka nje na kupiga simu ya Leshan. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, na tena, saa nzima. Wayua alimfuata, akasimama kando yake bila mzaha wowote.

Simu ikalia mkononi. Alikuwa Yeyo, mama yao, kutoka Kajiado.

"Seleyian, panda gari uje nyumbani."

"Nije na Leshan?"

"Kuja peke yako. Ndugu yako ataletwa."

"Yeyo, Leshan ako wapi?"

"Watu wa machimbo wamenipigia. Ndugu yako ataletwa kesho."

"Mtaje, Yeyo. Nakuomba, mtaje jina mara moja tu."

Nyuma ya Yeyo alisikia wanawake wengi wakiongea kwa sauti ya chini, na mmoja akiuliza wembe uko wapi, wa kunyolea nywele za mama.

"Kuja, mtoto wangu," Yeyo alisema, na simu ikakatika.

Wayua alimshika bega. "Nini? Si useme! Ni Lesh—"

Seleyian alimziba mdomo kwa kiganja, akamshikilia hivyo kwa nguvu, mpaka Wayua akaelewa.