Sumaku ya Shemeji

Skrini ikarudia yale yale: haijaona diski yoyote ndani ya hii laptop.

"Inaanza kuzoea," akasema Lemayian, akabonyeza tena.

"Shemeji, hii si ndama. Haizoei."

Dada yangu Mutindi hakucheka. Laptop ilikuwa yake. Jumatatu alitakiwa kupeleka projekti yake ya diploma, na projekti yote ilikuwa kwa diski ya zamani, ile iliyoanza kulia kama panya anayetafuna mbao. Mpango ulikuwa rahisi: diski mpya iingie, tuweke Windows, halafu ile ya zamani tuiunganishe kwa nje tutoe kazi yake kabla haijakata roho. Lemayian, mchumba wake kutoka Isinya, akasema hiyo kazi apewe yeye. Juzi akaichomoa ya zamani, akaondoka nayo eti ataihifadhi. Leo, Jumamosi, amekuja na mpya.

Nani angemkataza? Mkwe ni mkwe. Mama hata hakutoka jikoni. Kwetu sisi Wakamba mama mkwe na mkwe hawakai wakiangaliana, kwa hivyo alikuwa anagomba kupitia kwangu, na ukuta wenyewe ni bati tupu.

"Nzomo! Muulize shemeji yako kama hiyo diski si feki!"

"Shemeji, unaulizwa..."

"Mwambie Mama ni orijino."

"Mama, anasema..."

"Nimesikia! Mwambie nimesikia!"

Siku nyingine ningecheka. Hiyo siku masikio yalikuwa yanawaka. Tulizima, tukawasha. Tukatoa CD ya Windows, tukaipangusa na shati, tukairudisha. Lemayian akalaumu vumbi la Kitengela, akalaumu stima, akalaumu aliyemuuzia. Alilaumu kila kitu isipokuwa Lemayian.

"Turudishe ile ya zamani," nikasema. "Laptop ikiiona, shida ni hii mpya. Isipoiona, shida ni laptop. Basi."

"Hakuna haja."

"Haja iko. Hiyo diski iko wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani wapi?" Mutindi akauliza, pole pole. Namjua dada yangu. Akiongea pole pole, ficha vyombo.

Lemayian akainama, akavuta mfuko wa plastiki kutoka kwa koti lake, akaumwaga juu ya meza. Gamba la chuma. Skrubu. Sahani moja inayong'aa, ile inayobeba kazi yote, imekwaruzwa na bisibisi.

"Sikujua niseme saa ngapi," akasema. "Daktari wa mifugo alituambia ng'ombe akimeza msumari, sumaku aliyolishwa inaushika huko tumboni, hautoboi moyo. Na hizi mijengo zenu zimejaza misumari malishoni. Hii diski iko na sumaku kali sana. Na ulisema imekufa..."

"Nilisema inakufa!" Mutindi alikuwa amesimama. "Mgonjwa anapelekwa hospitali! Wewe ulimpasua ukamtoa figo, ukampea ng'ombe!"

"Ng'ombe gani?" nikauliza. Singeweza kujizuia.

Lemayian akaangalia viatu vyake. "Ile nyekundu. Ya mahari."

Jikoni sufuria ikaanguka. Au ilitupwa.

Nikapekua yale mabaki kwa hasira, nikitafuta tu kitu cha kushika nisimshike yeye. Kwa ncha ya lile gamba kulikuwa bado na kipande kidogo cheusi chenye matundu. Nikageuza laptop, nikachomoa diski mpya. Haina. Kumbe hicho kipande ndicho kinashikanisha diski na mashine, na fundi wetu alikipeleka Isinya pamoja na figo. Muda huo wote diski mpya ilikuwa imelala mle ndani bila kugusana na chochote. Nikakivisha, nikasukuma, nikawasha.

Skrini ikaiona papo hapo. Nzima, safi, tupu. Hakuna aliyeshangilia.

Lemayian akachukua koti. "Wacha niwaachie nafasi."

"Keti," akasema Mutindi.

"Mutindi, nime..."

"Keti hapo. Windows ikimaliza kuingia, mimi nitasema kutoka kichwani na wewe utapiga taipu. Kila neno. Mpaka Jumatatu asubuhi. Na ukikosea neno, tunarudia ukurasa."

Akaketi. Akakunja mikono ya shati. Nilikuwa nimeshamwona akitaipu: kidole kimoja, kama kuku anayedonoa.

Sauti ya Mama ikapita tena kwa bati.

"Nzomo! Mwambie shemeji yako leo chai hakuna."

Nikamgeukia. "Shemeji..."

"Nimesikia," akasema.