Sheria ya Orrin

Aliyeshika mkia ndiye mpishi. Hiyo ndiyo desturi ya gereji ya Gordy Kaczmarek pale mjini Sheboygan, Marekani, na haimhurumii mjane wala mgonjwa. Kwa hiyo Jumamosi ile ya Agosti, wenzake tisa wakiwa wamejikalia ndani kivulini na bia zao za baridi, Arlys Vandehei alikuwa mlangoni amevaa aproni iliyoandikwa MBURUZA MKIA kwa herufi nyekundu, anageuza soseji juu ya makaa, moshi wote unamwingia machoni.

"Shemeji, usiziunguze!" alipiga kelele Duane Thiel kutoka ndani. "Timu umeshaiunguza, tuachie soseji!"

Wakacheka, na Arlys naye akacheka. Angefanyaje? Duane alikuwa na mdomo mrefu kuliko akili yake, lakini hakuwa mtu mbaya. Isipokuwa mwaka ule alikuwa na lake jambo.

Mchezo wenyewe hauna kukimbia wala kutoka jasho. Ni ligi ya kubuni. Kila Agosti watu kumi hukaa mbele ya ubao wakachagua kwa zamu wachezaji wa kweli wa ligi kuu ya mpira wa Kimarekani, ule unaorushwa na kudakwa kwa mikono, na kuanzia Septemba huhesabiana pointi kila Jumapili kwa yale wanayoyafanya wachezaji hao uwanjani. Kila wiki unapambanishwa na mwenzako mmoja. Mchezaji wako akifunga, unatamba wewe. Akiumia goti, unachechemea wewe.

Kiti cha Arlys kilikuwa cha Orrin, mumewe, tangu gereji ile ipakwe rangi. Orrin alipofariki, majira ya baridi ya mwaka juzi, Gordy, ambaye ndiye mwenyekiti wa ligi, alikuja nyumbani na keki mkononi akasema, "Shemeji, kiti ni chako, tusijadiliane." Arlys akakaa. Akashika mkia. Na sheria ya ligi iko wazi: ukishika mkia miaka miwili mfululizo, kiti unampisha mwingine. Lile jambo la Duane ndilo hilo. Alikuwa na shemeji yake mwenyewe, kaka wa mkewe, jina lake Rick, ambaye alikuwa anakingojea kiti hicho kama fisi anayengoja mkono wa mtu udondoke.

Sasa utauliza, mama mzima, ana nyumba yake na bustani yake, anang'ang'ania nini kiti cha plastiki gerejini? Haya, sikiliza. Kanisani watu walimpa pole, kisha wakaacha. Wanawe wakipiga simu walilikwepa jina la baba yao kama dereva anavyokwepa shimo. Gereji ya Gordy ndiyo iliyokuwa mahali pekee duniani ambapo jina la Orrin lilipigiwa kelele, likachekwa, likatukanwa. Arlys alitaka kulisikia. Hakutaka kingine.

Na walichokuwa wakimtukania ni sheria. Miaka mingi nyuma Orrin alisimama akapendekeza kwamba kila mpira unaodakwa uwe na pointi moja nzima, hata kama mdakaji ataangushwa palepale aliposimama. Ikapita kwa kura moja, kwa sababu Duane alikuwa chooni. Loo, hakusamehe! Tangu hapo, kila Agosti kabla ya kuchagua, Gordy aliuliza, "Kuna hoja?" na Duane akasimama, "Sheria ya Orrin ifutwe!" Orrin naye akasimama kumjibu, wakabishana mpaka mishipa ikawatoka shingoni, kisha ikapigwa kura, na mkono wa Duane ukabaki peke yake hewani. Mwaka unaofuata, vilevile.

Orrin alipokufa, Agosti iliyofuata Gordy aliuliza, "Kuna hoja?" na Duane akatazama viatu vyake. Wote wakatazama viatu vyao. Kwa heshima, eti. Arlys alirudi nyumbani siku ile akalia kuliko alivyolia makaburini, maana heshima ile ilikuwa kama kumzika mtu mara ya pili.

Na Agosti hii, akiwa mlangoni na koleo lake la soseji, alimsikia Gordy akiuliza tena, "Kuna hoja?" Akatega sikio. Kimya.

"Hakuna," Gordy alisema. "Haya, tuchague."

Uchaguzi ukaenda. Majina makubwa yakaisha, ya kati yakaisha, ubao ukajaa. Gordy akaita, "Shemeji, zamu yako!"

"Boudry!" Arlys alijibu kutoka kwenye moshi.

Gereji ikaangua kicheko.

"Terrell Boudry?" Duane alitoka mpaka mlangoni kabisa amtazame usoni. "Shemeji, huna habari? Yule kocha wa mashambulizi aliyekuwa akimtafutia mipira mirefu kafukuzwa! Kaja Ostrander, mzee wa mipira mifupi, anafundisha watu kurusha mpira kama anayempa jirani taulo. Boudry kwisha habari yake!"

"Habari ninayo."

"Wachambuzi wote wamemshusha! Soma popote!"

"Nimesoma."

"Sasa?"

"Sasa mbandike ubaoni, na wewe urudi ndani, unanizibia upepo."

Wakampigia makofi kwa jibu lile. Duane akarudi kukaa huku akimkonyeza jirani yake, na Gordy akabandika jina la Boudry chini kabisa ya safu ya Arlys.

Alichojua Arlys kilikuwa hiki. Kiangazi kizima, badala ya kukaa na ukimya wa nyumba, alikaa jikoni na kahawa yake akitazama mechi za zamani za timu aliyotoka Ostrander. Mwanzoni ilikuwa kujiliwaza tu, maana Orrin alizoea kufanya hivyo. Baadaye akaanza kuona. Kweli, mipira ya kocha yule ilikuwa mifupi, mingine haivuki hata mstari wa kuanzia, na wadakaji wake waliangushwa chini kabla hawajapiga hatua. Lakini walidaka! Walidaka na kudaka tena, yule mmoja anayeaminiwa akidaka mpaka mtu anachoka kumtazama. Kwenye ligi za watu wengine, zinazohesabu mabao na yadi tu, yaani umbali mtu anaosogea na mpira, mdakaji wa namna hiyo hana thamani ya soseji moja. Wachambuzi waliandika kwa ajili ya ligi hizo. Lakini kwenye gereji ya Gordy, mbali na sehemu ya kumi ya pointi kwa kila yadi, kila mpira unaodakwa ulikuwa pointi nzima, na haba na haba hujaza kibaba.

Wenzake hawakuijua sheria yao wenyewe? Waliijua. Ila sheria ile walizoea kuikumbuka kwa kuitukana. Kila Agosti Duane aliwakumbusha kwa kelele, kisha wakakaa kuchagua ikiwa bado inawalia masikioni. Miaka hii miwili ya heshima na kimya, sheria ikawatoka kichwani. Lau Duane angesimama siku ile akaropoka kama desturi yake, yeye mwenyewe angemchukua Boudry mapema, na Arlys angebaki na nini sijui.

Septemba ikaingia, na Boudry akaanza kudaka. Yadi tatu, chini. Yadi mbili, chini. Yadi nne, makofi hafifu. Watangazaji walimsikitikia: mtu aliyekuwa anapaa kama tai, leo anaokota makombo. Arlys aliyahesabu makombo yake jikoni, ameridhika kabisa. Ila timu haiwi ya mtu mmoja, na wengine wake walikuwa wakiteguka kila kukicha. Akashinda hapa, akapigwa pale. Duane naye, aliyemchagua wa kwanza kijana mwenye sifa nchi nzima, kijana wake akavunjika kidole cha mguu Oktoba, na kiburi kikaanza kupungua, naye akateremka kuelekea mkiani.

Ndivyo ilivyokuja kuwa Jumapili ya mwisho ya Desemba, theluji imejaa mpaka madirishani, Arlys na Duane wakawa ndio wawili walio chini kabisa, na ratiba ikawapambanisha wao kwa wao. Atakayepigwa ameshika mkia. Kwa Duane ilikuwa aproni. Kwa Arlys ilikuwa kiti.

Wote kumi walikuja kutazama gerejini, wamewasha hita, makoti hawajavua. Rick naye alikuja, eti kusalimia tu. Alizunguka akakitazama kiti cha Arlys, akakitikisa mguu mmoja kuona kama ni imara.

"Hicho kina mtu," Gordy alimwambia.

"Natazama tu, mzee."

"Tazama televisheni."

Jioni ilipokaribia, wachezaji wa Duane walikuwa wamemaliza wote. Aliongoza kwa nusu pointi. Arlys alibakiwa na Boudry peke yake, na Boudry hakuwa amerushiwa mpira tangu mapumziko, kwa sababu timu yake ilikuwa mbele na haikuwa na haraka. Dakika zikayeyuka. Arlys alikaa mikono mapajani. Alijaribu kuizoea ile picha: Agosti, gereji imejaa, na yeye yuko nyumbani anapalilia nyanya. Haikuzoeleka.

"Shemeji," Duane alisema, safari hii kwa sauti ya chini, "ujue mimi sina ubaya na wewe."

"Nyamaza, Duane. Mpira haujaisha."

Zimebaki sekunde chache, timu ya Boudry ikajipanga kwa mara ya mwisho. Mrushaji akapokea, akatazama mbali, akaona pamezibwa, akageuka akautupa ule mpira pembeni, mfupi wa aibu, mpira wa taulo. Boudry akaudaka nyuma ya mstari. Kabla hajageuka, mlinzi mmoja mnene akamkumba, akamburuta nyuma, akambwaga. Uwanja mzima ukazomea.

"Amerudi nyuma!" Duane aliruka juu, bia ikamwagikia koti la Rick. "Yadi mbili nyuma! Kapoteza! Nimepona! Aproni hainipati!"

Arlys naye alikuwa ameshasimama, mikono miwili hewani, anapiga kelele kama msichana. Wakatazamana, wote wawili wanashangilia.

"Wewe unashangilia nini?" Duane aliuliza.

"Wewe je?"

Gordy alikuwa amekodolea simu yake, miwani imemshuka puani. "Yadi mbili nyuma," alisema polepole, "anakatwa sehemu mbili za kumi za pointi." Akaisukuma miwani juu. "Lakini kadaka. Kudaka ni pointi moja. Duane ndugu yangu... umeshika mkia."

Usoni mwa Duane ungeweza kuiona hesabu ikipita, kisha kumbukumbu, kisha hasira ya miaka yote ile ikirudi nyumbani.

"Orrin!" alinguruma. "Orrin, mwanaharamu wee! Umekufa na bado unaniibia!"

Jina likagonga mabati ya gereji. Mtu mmoja akashtuka, akamtazama Arlys kwa woga. Arlys alikuwa amefunika mdomo kwa mikono, mabega yanatikisika, na ilichukua muda watu kuelewa kwamba anacheka, na muda mwingine kuelewa kwamba machozi nayo yanatoka, na kwamba hayo yote ni mamoja.

"Mtukane tena," alisema.

"Mjinga yule!" Duane alipaza sauti, akapata nguvu. "Aliipitisha mimi nikiwa chooni! Chooni, Gordy!"

"Alikungoja uende," Gordy alisema. "Aliniambia. Alikuwa anakuongezea bia makusudi."

"Nini?"

"Orrin alikununulia bia jioni nzima ili uende chooni!"

Gereji ikalipuka. Mmoja akamkumbuka Orrin alivyoendesha gari mpaka Milwaukee na soseji zikiwa juu ya paa, mwingine akamkumbuka alivyowahi kumchagua mchezaji aliyekwisha kustaafu, na Orrin huyu, Orrin yule, jina likazunguka meza kama zamani, kila mtu analinyang'anya mdomoni mwa mwenzake. Arlys hakujua ile ya bia. Miaka yote ya ndoa na hakuijua! Akaipokea kama zawadi ya Krismasi iliyochelewa.

"Nina hoja!" Duane alipiga meza. "Sheria ya Orrin ifutwe!"

"Hoja ni Agosti," mtu alisema.

"Leo ruhusa," Gordy alisema, anajifuta macho. "Kuna wa kujibu?"

Aliyekuwa akijibu walimjua, na kila jicho likaenda kwenye kiti chake. Arlys akavuta koti, akasimama, akaegemeza ngumi mezani kama alivyokuwa akiegemeza Orrin.

"Mpira ukidakwa umedakwa," alisema. "Mtu kafanya kazi yake. Akisukumwa nyuma, hiyo ni dhambi ya aliyemsukuma."

Neno kwa neno. Alikuwa amelisikia kila Agosti, Orrin akilifanyia mazoezi mbele ya kioo cha bafuni.

"Wanaotaka ifutwe?" Gordy aliuliza.

Mkono wa Duane ukapanda, ukabaki peke yake hewani. Rick aliinua wake pia, wakamwambia aushushe, yeye si mwanachama.

"Imeshindwa. Arlys, kaa."

Arlys akakaa. Kiti kililia kidogo mguu mmoja, kama kilivyokuwa kikilia chini ya Orrin. Duane akafungua bia nyingine, kisha akaitazama kwa mashaka, akaisukuma pembeni na kuuliza aproni ile kama ina saizi kubwa.