Shawa ya MaKhumalo

Laurenti alikuwa amepima kona ya bafuni mara tatu, na mara zote futi ilimwambia jambo lile lile: sentimita tisini kwa tisini. Ndani ya tisini hizo ilibidi mama mkwe wake aingie, ajioshe, atoke, bila mtu kumshika na bila mtu kumwona. Na huyo mtu alikuwa yeye mwenyewe Laurenti.

Mambo yalikuwa hivi. Mkewe Lerato alikuwa nesi. Alitoka nyumbani kwao, mtaa wa Malvern, alfajiri, akarudi jua limezama. Laurenti alilinda ghala usiku, kwa hiyo mchana kutwa yeye ndiye aliyebaki na mama. Wasichana wa kazi walishakuja wawili, na wote wawili MaKhumalo aliwatimua kwa mkongojo, akidai wameiba sukari aliyoificha mwenyewe akasahau. Halafu wiki mbili zilizopita bikizee akaingia kwenye lile bafu refu la chuma, akajilaza, akashindwa kuinuka. Akaita. Laurenti alikimbia mpaka mlangoni, na mlangoni miguu ikagoma. Mkwe haoni uchi wa mkwe. Kwao Songea ukikutana na mama mkwe njiani unampisha majanini, hata kama majani yenyewe ni upupu. Basi akakaa chini kwenye korido, akamsimulia mama habari za mpira na bei ya nyama kupitia tundu la ufunguo, mpaka jirani mmoja mwanamke aliporudi kutoka sokoni. Maji yalishapoa zamani. MaKhumalo alitolewa midomo imegeuka rangi.

Kaka yake Lerato akasema yatosha, mama aende nyumba ya wazee, nje ya mji. Lerato akalia, akaomba siku kidogo. Bafu ling'olewe, iwekwe shawa ya vioo isiyo na ukingo wa kuruka. Mama akiweza kuoga peke yake, atabaki. Asipoweza, Jumapili kaka anakuja na gari. Na hiyo Jumapili ilikuwa kesho.

Duka lilikuwa Jules Street, limejaa masinki na mabomba ya kung'aa. Muuzaji alikuwa Ignace, Mkongo wa Lubumbashi, mnene, mwenye kalamu sikioni.

"Karibu, mukubwa! Karibu, mama! Ingieni, kuangalia hatulipishaka!"

MaKhumalo akamtazama toka viatu hadi kalamu. "Na huyu naye katoka wapi?" akamuuliza Laurenti kwa Kizulu.

"Kongo, Mama."

"Hawu. Wewe mababu zako, Wazulu wenzetu, walikimbia kutoka huku kwa miguu, mkaenda kuota huko kwenu Songea, sasa umerudi na majirani zako wote."

Laurenti akacheka. Utani huo alikuwa ameusikia miaka kumi, tangu siku alipofika Soweto na sanduku moja, bila mjomba wala shangazi wa kumsemea posa, na wajomba wa Lerato wakataka kumrudisha alikotoka. MaKhumalo ndiye aliyesema aachwe. Alimwita mkhwenyana, yaani mkwe wake, siku ile ile, mbele ya wote.

Wakaanza kujaribu. Shawa ya kwanza ilikuwa na kizingiti cha juu. Mama aliinua mguu, ukafika nusu, ukarudi chini. Ya pili ilikuwa na milango ya kusukuma kwenye reli. Aliingia ubavu ubavu, akakwama na mkongojo wake, akamtukana Ignace kwa Kizulu. Ignace hakuelewa, akashukuru.

"Hii ya tatu sasa, mama, hii njo Mercedes," akasema.

Ilikuwa ya kioo chenye ukungu kuanzia chini mpaka juu. Sakafu yake ilikaa sawa na ya chumba, mlango mpana, ndani kuna kiti kidogo cha kukunja. MaKhumalo akaingia bila kushikwa. Akaketi. Akafunga mlango mwenyewe, na kutoka nje ikaonekana rangi ya gauni tu, kama kitu kilichodondoka kwenye uji.

"Unaniona, mkhwenyana?"

"Sikuoni, Mama!"

"Basi hii."

Laurenti akatoa futi, akapima. Sentimita tisini kwa tisini, hasa. Akamvuta Ignace kwenye meza kuuliza kama fundi anaweza kuja leo leo, na kama bawaba zitashika kwenye ukuta wa nyumba ya zamani. Ignace akasema ukuta wa zamani njo muzuri kuliko hii ya siku hizi. Wakainamia karatasi. Msichana wa mapokezi, mwanamke pekee wa duka lile, alikuwa ametoka kununua chipsi.

Walipoinua vichwa, ile ya ukungu ilikuwa tupu.

MaKhumalo alikuwa dirishani, ndani ya shawa ya maonyesho, ya kioo kitupu kabisa kilichoelekea barabarani. Mkongojo ameuegemeza vizuri. Gauni lilishateremka kiunoni, na mikono yake ilikuwa inatafuta bomba.

Laurenti akageuka kama aliyepigwa kofi. Ignace naye akageuka. "Mama yako ni mama yangu," akanong'ona, akatazama masinki. Huko nje mwanamke mmoja alisimama na mifuko yake. Laurenti akampungia mkono, aingie, asaidie. Yule mwanamke akaziba mdomo, akacheka, akamwita mwenzake aje kuona.

Laurenti akavua koti lake la ulinzi, akaenda kinyumenyume, akagusa kioo kwa mgongo, akalitandaza koti kwa upande wa barabara huku anaangalia dari. Koti lilifunika kipande tu.

"Mkhwenyana," sauti ikaita nyuma yake, sauti ya kawaida kabisa, ya asubuhi yoyote. "Maji hayatoki."

"Hapa dukani, Mama. Vaa nguo."

"Nitavaaje nina sabuni?"

"Huna sabuni, Mama. Vaa."

Akasikia kitambaa kikivutwa, pumzi zikipanda, mkono ukipotea ndani ya nguo. Halafu kiganja kikateleza kwenye kioo kikitoa mlio, kutoka juu kuja chini.

Akageuka.

Alimdaka kwapani. Akaona yote ambayo mkwe haoni. Akamketisha, akatafuta tundu la mkono, akampitisha, akafunga vifungo kimoja kimoja mpaka shingoni, na kimoja alikikosea akakirudia. Alipofika cha mwisho alikuta macho ya MaKhumalo yamerudi dukani. Yalitazama barabara, yakatazama koti lililoanguka, yakamtazama yeye.

"Umeniona."

"Sikuona kitu, Mama."

"Usinidanganye, hujui kudanganya. Ndiyo sababu nilikupa binti yangu." Akaushika mkongojo wake. "Nipeleke huko anakosema mwanangu."

"Mama, tumeshachagua shawa. Na kama haifai, nitakuosha mimi. Mwiko umeshavunjika, basi umevunjika. Nitafumba macho."

"Utafumba, nami nitajua umefumba kwa nini. Kisha asubuhi ninywe chai mbele yako?" Akatikisa kichwa. "Huko wataniona watu nisiowajua. Hao waangalie watakavyo, kwangu hawana uso. Niinue."

Laurenti akabisha. Akasema habari za Lerato, akasema habari za kiti cha kukunja. Bikizee alinyoosha mkono ainuliwe, uso ameuelekeza ukutani.

Ignace akaleta glasi ya maji, hakuna aliyeinywa. "Mukubwa, ile ya ukungu niwawekee? Minaweza kuitunza mpaka Jumatatu."

"Muuzie mwingine."

Nje Laurenti akampigia mkewe simu.

"Mmepata?" Lerato akauliza kwa Kiswahili, kile alichojifunza Morogoro alikosomea, ndicho walichopendania.

"Zipo. Zinatosha kona."

"Ee, nashukuru. Mama kaipenda?"

"Mwambie kaka yako aje kesho."

Nyuma ya Lerato, wodini, mtu alikuwa anaita nesi, nesi, njoo unigeuze.

"Laurenti. Umemwona?"

"Nimemwona."

"Na yeye anajua?"

MaKhumalo alikuwa ametangulia hatua kumi, amesimama kwenye robot, taa za barabarani. Taa ilikuwa kijani na watu walikuwa wanavuka, wakimpita kushoto na kulia. Yeye havuki.

"Anajua," Laurenti akasema.