Karatasi ya Miezi Sita

Kila Juni na kila Desemba, Marlene Pruett, wakili wa Wizara ya Mambo ya Nje pale Washington, aliandika karatasi ile ile. Bunge lilikuwa limepitisha sheria: ubalozi wa Marekani nchini Israeli utoke Tel Aviv uhamie Yerusalemu, la sivyo nusu ya fungu la fedha za majengo ya balozi za ng'ambo inakatwa. Marais nao hawakutaka kusukumwa. Wakaachiwa upenyo mmoja: kila miezi sita watie saini kwamba usalama wa taifa unataka ubalozi ubaki ulipo. Bunge linavuta, Ikulu inavuta, na kamba imemzunguka Marlene kiunoni.

Miaka kumi na moja aliomba kituo cha Lisbon, Ureno. "Hii ipite kwanza," bosi wake, Dwight Kessler, humwambia. Ikipita, nyingine ishatunga mimba.

Desemba hii rais akatangaza kwenye televisheni: ubalozi unahama. Wizarani keki ikakatwa.

"Marlene, mfungwa wetu, umeachiwa!" Kessler akacheka, akauidhinisha uhamisho wake palepale. "Nenda kale dagaa wa Kireno, utuache na theluji yetu."

"Usije ukanililia, bosi."

"Nikulilie? Nitalala usingizi wa pono!"

Marlene alikuwa akipakia picha za wajukuu mkono uliposita. Sheria haikusema ubalozi utangazwe. Ilisema uwe umefunguliwa, na kule Yerusalemu hata msumari haujapigwa. Karatasi ya Juni ilikuwa ikiisha muda wake wiki ile. Rais asiposaini nyingine, fungu linakatwa, na balozi zenye kuta za kubomoka zitangoja bomu bila ukuta mpya. Hakuna aliyekumbuka, wote midomo imejaa keki. Akinyamaza, Ijumaa yuko Lisbon.

Akakaa. Akasimama. Akakaa tena. Mwishowe akaenda kwa Kessler.

"Bosi, rais lazima asaini."

"Asaini nini tena? Si tushahama?"

"Tumehama kwa mdomo. Soma kifungu."

Kessler akasoma, akaacha kutafuna. "Nani mwingine ameliona hili?"

"Hakuna."

"Na nani mwingine anajua kuiandika ikapita Ikulu bila maswali?"

Kessler akaichukua fomu ya uhamisho wa Lisbon taratibu, kama anayemnyang'anya mtoto kisu, akaitia kwenye droo.

"Miezi sita tu, Marlene. Wajenzi wakishamaliza..."

"Wajenzi gani, bosi? Hata kiwanja hamjapima."

Akarudi mezani, akafungua faili la Juni, akafuta tarehe.