Siku Mzee Parsaoti Alipovua Samaki

Munguti alikuwa amechoka hata kabla ya kutoka nyumbani kwake Kitengela. Mgongo ulimuuma, magoti yalimuuma, na pikipiki iliyombeba mpaka ng'ambo ya Isinya haikumhurumia hata kidogo. Katikati ya mapaja alikuwa amebana ndoo yenye tilapia kumi na wawili wa ukubwa wa kidole. Kila waliporuka tuta, maji yalimmwagikia suruali. Kila baada ya kilomita chache alimsimamisha mwenye pikipiki ili ayakoroge maji kwa mkono, yapate hewa, maana chambo kikifa njiani hakina maana tena. Samaki anayeitwa bass hana haja na maiti. Anataka kitu kinachokimbia.

Kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka kumi na mmoja kwenye bwawa la mzee Parsaoti. Aliyeileta ni Leshan, mtoto wa mzee. Leshan ndiye aliyewatoa bass wadogo Naivasha kwenye mapipa, akawamwaga katika maji ya ng'ombe wa baba yake, akanunua mashua, akamfundisha Munguti kuongoza wageni: wapi pa kutupa ndoana, wakati gani wa kunyamaza. Wageni walikuja kutoka Nairobi, wakavua, wakapiga picha, wakamrudisha samaki majini, wakaenda zao. Mzee Parsaoti aliyatazama hayo yote kutoka ukingoni kama mtu anayetazama wazimu wa watu wengine. Kwake samaki hakuwa chakula wala mfugo, na hakuwahi kumgusa hata mmoja.

Kisha Leshan akaugua figo, akafa. Mwaka mmoja ulikuwa umepita. Sasa jirani mwenye greenhouse alitaka kuweka pampu ayavute maji yote, na mzee hakuwa amempa jibu. Usiku wa jana alikuwa amempigia Munguti simu, akasema maneno machache tu.

"Kesho ukuje unipeleke vile ulikuwa unapeleka Leshan. Nataka kuona ni nini alikuwa anaona huko. Nikikosa kuona, basi huyo mtu akuje na pampu yake."

"Umpatie samaki moja tu," Kaveke, mkewe Munguti, alikuwa amemwambia asubuhi akimfungia chai kwenye chupa. "Moja tu, baba Nzula. Si ni kazi yako?"

Ilikuwa kazi yake, na hakuwa na nyingine.

Mzee alikuwa amekwisha fika bwawani, amejifunga shuka yake, fimbo mkononi.

"Sopa," Munguti akamsalimu.

"Ipa," mzee akaitikia, akaingia mashuani kwa tahadhari, akaketi wima kabisa.

Munguti alipiga makasia. Alichukua tilapia mmoja, akapitisha ndoana chini ya pezi la mgongo, juu juu, ili aendelee kuishi na kuogelea, akatupa. Wakangoja. Jua likapanda. Mahali pa kwanza hapakuwa na kitu, pa pili vilevile. Pale kwenye mti uliozama, ambapo bass hawakosekani, tilapia alizungukazunguka kwa raha zake mpaka Munguti akaanza kumchukia.

"Leshan alikuwa anakaa hivi siku mzima?" mzee akauliza.

"Siku mzima, mzee."

"Na alikuwa anafurahi?"

"Sana."

Mzee akatazama upande wa ng'ombe wake. Munguti alimwona ameshakata tamaa, na hofu ikamshika. Mabega yalimwaka. Hakuwa na nguvu za kuzunguka bwawa mara nyingine, wala hakuwa na saa za kungojea. Basi akageuza mashua kuelekea kona ya matete.

Kona ile ilikuwa haivuliwi baada ya mvua. Ndiyo sheria pekee ambayo Leshan alikuwa ameiweka kwa ukali, na Munguti mwenyewe alikuwa amewafokea wageni wakubwa kwa sababu yake. Huko bass walikuwa na viota. Siku tatu zilizopita alikuwa amemwona dume mmoja pale, mkubwa, amesimama juu ya vifaranga wake. Huyo hangekosa kuja.

"Shika hii, mzee. Ikivuta, inua."

Chambo hakikufika hata chini. Maji yalipasuka, fimbo ya kuvulia ikapinda, na mzee Parsaoti akapiga ukelele ambao ng'ombe waliusikia. Samaki aliruka, akaanguka, akaruka tena. Mzee alivuta kwa mikono yote miwili huku shuka ikimvuka begani, akicheka, na Munguti alicheka naye kwa jinsi moyo ulivyompoa. Akamtoa yule samaki majini, mnene, wa kijani, mdomo wazi, akamwekea mzee mikononi.

Mzee alimshika kama anavyoshikwa ndama aliyezaliwa sasa hivi. Alimtazama muda mrefu. Halafu akatazama chini.

Maji ya kona ile yalikuwa safi. Kando ya matete palikuwa na wingu jeusi la visamaki vidogo kuliko punje ya mchele, na tilapia wakubwa wa bwawani walikuwa wamelivamia kutoka pande zote, wakila.

"Hizo ndogo ni watoto ya nani?"

Munguti angeweza kusema hajui. Lakini kutunga uongo kulitaka nguvu, naye zilikuwa zimemwishia.

"Ni wa huyo umeshika."

"Ni mama?"

"Ni baba. Mama hutaga anaenda. Baba ndiye hubaki."

"Kwa hivyo hakukuja kula."

"Hapana, mzee. Alikuja kufukuza. Aliona chambo yetu, akafikiria inakuja kwa watoto."

Mzee akamtazama tena samaki aliyekuwa mikononi mwake.

"Leshan akiwa hospitali," akasema, "nilikaa nje ya mlango siku tisa. Waliniambia ngoja hapo, nikangoja. Huyu hakungoja."

Aliinama, akamteremsha samaki majini mwenyewe, mikono ikizama mpaka kwenye viwiko. Samaki akasita kidogo, kisha akaenda moja kwa moja kwenye matete. Tilapia wakatawanyika. Wingu lile lilikuwa limebaki nusu.

"Maji haiendi mahali," mzee akasema. "Nitaambia huyo mtu leo."

"Ashe oleng, mzee!" Munguti alimshukuru, karibu alie. "Ashe oleng sana."

"Lakini wewe usirudi hapa na ndoana. Wewe wala mgeni wako."

Munguti alidhani hakusikia vizuri.

"Ulijua ni baba," mzee akasema, bila hasira. "Ulijua, na ukanipatia fimbo ya kuvulia. Mimi."

Kulikuwa na mengi ya kujibu. Kulikuwa na Kaveke, na miaka kumi na mmoja, na kwamba alifanya hivyo ili maji haya haya yasivutwe. Yalimjia yote kwa pamoja, na lililotoka lilikuwa moja tu.

"Nilikuwa nimechoka, mzee."

Mzee Parsaoti alinyoosha kidole kuelekea matete, ambako yule samaki alisimama akihema, damu ikimtoka mdomoni, na vifaranga waliobaki wamejikusanya chini ya tumbo lake.

"Hata huyo amechoka," akasema. "Na hajatoka hapo."

Munguti akachukua makasia, akageuza mashua kuelekea ukingoni.