Mtumwa wa Kina Badria

Kila asubuhi, kabla hata ya salamu, Twaha alimwita mpangaji wake Ramadhan mtumwa, naye akamwita yeye vivyo hivyo, na uani pote watu wakacheka. Hapakuwa na ubaya wowote. Twaha ni Mzaramo, Ramadhan ni Mnyamwezi wa Tabora, na makabila hayo mawili ni watani tangu enzi za misafara ya wapagazi. Kutukanana kwao ni heshima, na asiyetukanwa ndiye mwenye haki ya kununa. Twaha, ambaye aliuza vitasa na bawaba katika duka dogo nyuma ya Msimbazi na kusoma vitabu wateja wanapoadimika, alikuwa na nadharia kamili juu ya jambo hilo. Alipenda kuwaeleza wageni kwamba utani ni mkataba wa watu walio sawa. Hakuna mgeni aliyewahi kumwomba ushahidi.

"Mtumwa wangu, jua hilo limetoka, nawe hujanichemshia maji?" Ramadhan alisema akitoka chumbani, mkasi wake wa kukatia nguo umechomoza mfukoni. Kazi yake ilikuwa kupunguza suruali za mitumba pale Mchikichini.

"Nyamaza wewe. Babu yangu alikupata kwa kibaba cha chumvi, na mpaka anakufa alilalamika kwamba alipunjwa."

Watoto wao walikuwa barazani wakinywa uji na kusikiliza. Badria wa Twaha alikuwa na miaka mitano. Abbasi wa Ramadhan alimzidi kidogo. Walisoma shule moja ya awali, mtaa wa pili, wakaenda na kurudi pamoja. Mwanamkuu, mke wa Twaha, aliwasifu kwa majirani: "Hawa hawajagombania kitu hata siku moja." Sifa hiyo ilipaswa kuwatia shaka watu wazima. Watoto wasiogombana kamwe ama ni wagonjwa, ama wamekwisha kukubaliana nani atashinda.

Siku moja adhuhuri Mwalimu Severa alimpigia Twaha simu. Twaha akafunga duka, akaenda akiwa na hakika kwamba ni suala la mafua.

"Nimekuita wewe kabla ya Baba Abbasi," alisema mwalimu, "na utaelewa kwa nini. Leo watoto wamemchagua Abbasi awe kiongozi wa mstari. Wamemchagua wenyewe, kwa kelele zao. Akakataa. Nikamuuliza sababu, akaniambia, 'Mwalimu, mimi siwezi kukaa mbele. Mimi mtumwa wa kina Badria.'"

Twaha alicheka, moyo umemtulia. "Ah, Mwalimu! Huo ni utani. Sisi na Wanyamwezi, unajua, kihistoria..."

"Utani naujua, Baba Badria. Sisi Wachaga tunao na Wapare, tunasemana hadi msibani. Lakini mtoto huyu hakucheka." Akamwonyesha dirisha. "Hebu tazama."

Nje watoto walikuwa mchangani. Msichana mmoja alimpa Abbasi lori la plastiki. Abbasi hakuliendesha. Alilifuta mchanga kwa shati lake, akampelekea Badria, akachuchumaa pembeni kumngoja. Badria aliliendesha mpaka akachoka, kisha akamrudishia.

"Haya, sasa na wewe. Usijali."

Badria hakuwa mkali, na hilo ndilo lililomkaa Twaha vibaya. Alitawala kwa upole, kama mtu asiyekumbuka kwamba mambo yangeweza kuwa vinginevyo. Na ile sauti ya "usijali" Twaha aliifahamu. Ndiyo aliyoitumia yeye kila Ramadhan alipotaja bati linalovuja juu ya kitanda chake: usijali, mtani, nitalitazama. Bati lilikuwa linavuja tangu masika yaliyopita.

"Ni tangu lini?" aliuliza.

"Mimi nimeona tangu tufungue shule. Nilidhani mtoto ana tabia ya kusaidia. Nikamsifu mbele ya wenzake." Mwalimu Severa alishusha macho. "Kwa hiyo na mimi nimo."

Twaha aliwachukua watoto kurudi nyumbani. Njiani, wakikwepa mkokoteni wa vitambaa, aligeuka na kumwona Abbasi nyuma yao, mabegi mawili begani: lake, na lile lenye picha ya kipepeo. Alikuwa amewaona hivyo mara nyingi mno. Alikuwa hata amemwambia Ramadhan kwamba kijana wake ana adabu.

Walipofika, Abbasi alitundika begi la Badria kwenye msumari wake na kwenda kwao. Twaha akamkalisha binti yake barazani.

"Badria, nani kakwambia Abbasi ni mtumwa?"

"Si wewe? Ulisema baba yake mtumwa wetu. Basi na yeye."

"Mbona baba yake naye ananiita mimi mtumwa wake?"

Mtoto alimtazama kwa huruma. "Yule anatania, baba."

"Na mimi je?"

"Wewe nyumba ni yako."

Nadharia ya Twaha ya mkataba wa watu walio sawa ilikuwa imedumu miaka mingi bila mpinzani, kwa sababu hakuna aliyeipima. Watoto wawili waliipima wakinywa uji. Walisikia wanaume wawili wakitamka neno lilelile, wakaangalia nani ana ufunguo wa lango, nani huketi kwenye kiti cha mgongo na nani kwenye ndoo iliyogeuzwa, nani hunyamaza mwingine akitaja kodi. Kisha wakaamua lipi kati ya matusi mawili ndilo la mzaha. Na hakuweza kusema kwamba walikosea.

Ramadhan alirudi kabla ya magharibi. "Mtumwa wangu!" alipaza sauti toka langoni. "Kiti changu kimetiwa vumbi na nani?"

Twaha alisimama, jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulifanya Ramadhan anapoingia.

"Kuna msiba?" Ramadhan aliuliza.

"Kaa, Baba Abbasi."

Ramadhan alivuta ndoo. Twaha akasema, "Si hapo," na akajisikia aibu ya pili, kwa sababu ilionekana wazi kuwa kiti cha mgongo kilikuwa kimoja tu, na siku zote kilikuwa kimoja. Basi wakasimama wote wawili. Twaha akaeleza yote: lori, mabegi, mstari, maneno ya Abbasi. Ya Badria aliyasema mwisho, akiangalia sakafu.

Ramadhan alitabasamu mwanzoni, kwa mazoea. Tabasamu likamganda usoni, halijui pa kwenda.

"Aliniuliza," alisema hatimaye. "Mwezi wa Ramadhani. 'Baba, sisi tulinunuliwa lini?' Nikacheka sana. Niliwasimulia hata mafundi wenzangu kibandani, nao wakacheka." Alipangusa uso. "Nilidhani anatania, kama baba yake."

"Nisamehe."

"Kwa lipi? Kwa neno, au kwa nyumba?"

Twaha alitazama kile kiti kimoja.

"Basi tuache," alisema. "Kuanzia kesho tusiitane hivyo. Salamu tu, kama watu wengine."

"Tukiacha ghafla, watajua ilikuwa kweli." Ramadhan alisema polepole, kama anayepima kitambaa kisichotosha. "Watu hawaachi mzaha. Wanaacha kosa. Abbasi ataona tumeshikwa."

"Sasa tufanye nini?"

"Kesho wewe uwe mtumwa. Kweli kweli, mbele yao. Uinuke, ubebe. Labda wataona neno halina mwenyewe."

Asubuhi majirani wote wa uani walikuwepo, na watoto walikuwa na vikombe vyao vya uji. Ramadhan alitoka akiwa amejikaza. "Mtumwa wangu! Beba begi la bwana mdogo umpeleke shule!"

"Naam, bwana," alijibu Twaha. Alivua kofia, akainama mbele ya Abbasi mpaka magoti yakagusa sakafu, akanyoosha mikono kupokea begi. Majirani wakaangua kicheko. Mwanamkuu akapiga kigelegele. Ulikuwa utani bora kuliko wote uliowahi kufanyika katika nyumba ile.

Abbasi alilikumbatia begi lake kifuani kwa nguvu. Hakumtazama Twaha wala baba yake. Aligeuza shingo, akamtazama Badria, akangoja.

Badria alimeza uji, akafuta mdomo kwa kiganja.

"Cheka tu," alimwambia kwa upole. "Baba anatania."

Ndipo Abbasi akacheka. Twaha alibaki pale chini, mikono mitupu mbele yake, Ramadhan akitazama pembeni.