Nguruwe Kwenye Magimbi

Nimeolewa kwa Washe, watu wa milima ya kusini mwa China, miaka mitatu sasa, na kila nikiingia jikoni Kishe chao kinakatika, wanaanza Kihakka, lugha ya kwetu nilikozaliwa. Eti ndiyo heshima kwa mgeni. Mgeni gani anayewapikia kila siku? Basi nikawa najibanza dirishani kusikiliza sauti zao zinavyopanda na kushuka, kisha nazijaribu peke yangu mtoni.

Asubuhi moja mama mkwe, Bi Lan, alikuwa ameinama shambani akipalilia, nguruwe mwitu akachomoka kichakani nyuma yake.

"Mama! Nguruwe! Ruka!" nikapiga ukelele kwa Kishe. Sikujua hata umetoka wapi.

Akaruka tuta, akaanguka topeni. Nguruwe akampita ubavuni, akaingia kwenye magimbi. Mume wangu, Guisheng, aliyekuwa akilima kando, akabaki ananikodolea macho.

Mama akainuka, tope mpaka puani, akanigeukia. Nikangoja Kihakka.

"Mjinga we!" akafoka kwa Kishe. "Umesimama kama gogo, magimbi yetu yanaliwa! Kamata jembe!"

Nikamfukuza yule nguruwe huku nacheka kama mwehu. Tangu niolewe, hakuna aliyewahi kunitukana kwa Kishe.